Magari ya gesi asilia: Sega la ekzosi hudumu kwa muda gani?

MJADALA kuhusu magari yanayotumia gesi asilia jijini Dar es Salaam umetawaliwa kwa miaka mingi na maneno mawili: bei na foleni. Bei, kwa kuwa gesi humfikisha dereva mbali zaidi kuliko petroli ya fedha hiyo hiyo. Foleni, kwa kuwa vituo vya kujazia vimekuwa vichache kuliko magari yanayovihitaji. Lipo hata hivyo jambo la tatu ambalo halipigiwi kelele. Liko chini ya gari, kati ya injini na bomba la moshi, ndani ya kifaa ambacho mafundi wa gereji hukiita sega, kwa sababu kikipasuliwa huonekana kuwa na matundu madogo mengi yaliyopangana kama sega la nyuki.

Kifaa hicho ndicho kinachoamua iwapo gari la gesi ni safi kweli au ni safi kwa jina tu. Na tofauti na mtungi wa gesi, ambao hukaguliwa kwa sababu unaweza kulipuka, sega hufa kimya kimya. Gari huendelea kutembea, abiria hawahisi harufu, na mwenye gari hana sababu ya kulishuku.

Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004 kupitia bomba linaloanzia kisiwani humo, wilayani Kilwa, na sehemu kubwa ilipelekwa kufua umeme na kuendesha viwanda. Matumizi ya magari yalikuja baadaye na kwa hatua ndogo, kituo cha Ubungo kikitangulia. Katika miaka ya karibuni kasi imebadilika: teksi, bajaji na magari binafsi yamefungwa mitungi, na mwaka 2025 yaliwasili mabasi ya mwendokasi yanayotumia gesi kwa ajili ya njia ya Mbagala. Swali la uhai wa sega, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la wahandisi wa Ulaya, Marekani na India, limekuwa pia swali la mji huu.

Kazi ya sega

Ndani ya ganda la chuma kuna kipande cha kauri chenye mamia ya njia nyembamba kwa kila inchi ya mraba. Kuta za njia hizo zimepakwa tabaka jembamba la oksidi ya alumini, unga wenye vinyweleo vingi kiasi kwamba gramu moja yake, ikitandazwa, ingefunika eneo kubwa kuliko sakafu ya nyumba nzima. Juu ya tabaka hilo zimetawanywa chembe ndogo mno za madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa jumla ni gramu chache tu katika gari dogo, lakini ndizo zinazofanya kazi yote.

Moshi unapopita, chembe hizo huchochea mabadiliko matatu. Kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi. Mabaki ya mafuta ambayo hayakuungua humaliziwa kuungua. Oksidi za nitrojeni, zinazochoma mapafu na kuzaa ukungu wa miji mikubwa, huvunjwa na kurudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Madini yenyewe hayatumiki katika kazi hiyo. Kwa nadharia, basi, sega lingeweza kudumu milele.

Halidumu, na sababu ya kwanza ni gesi yenyewe.

Methani, mshupavu wa familia yake

Gesi asilia inayouzwa kwa magari ni methani kwa sehemu kubwa; ile ya Songo Songo ina methani zaidi ya asilimia 95. Methani ni molekuli ndogo kuliko zote katika familia ya mafuta ya petroli, yenye atomu moja ya kaboni iliyozungukwa na atomu nne za hidrojeni, na ndiyo ngumu kuliko zote kuivunja. Mabaki ya petroli huanza kuungua juu ya sega joto linapofikia nyuzi 250 hadi 300 za sentigredi. Methani hungoja hadi nyuzi 400 na zaidi, hata sega likiwa jipya. Sega likichoka, kiwango hicho hupanda, na ikiwa moshi wa injini haufiki huko, methani hupita moja kwa moja hadi hewani.

Wapo watakaouliza kuna ubaya gani, ikiwa methani si sumu kwa anayeivuta katika kiwango kidogo cha barabarani. Ubaya uko angani. Tani moja ya methani hunasa joto la dunia takriban mara 28 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi, ikihesabiwa kwa kipindi cha miaka 100. Ikihesabiwa kwa miaka 20, ni zaidi ya mara 80.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya methani ikiungua yote hutoa kilo 2.75 za kaboni dioksidi. Petroli yenye nishati sawa na hiyo hutoa kiasi cha kilo 3.6. Hapo gesi imeshinda kwa takriban robo, na ushindi huo ndio unaotajwa katika kila hotuba. Lakini gramu 20 tu za kilo hiyo, yaani asilimia 2, zikitoka bila kuungua, madhara yake ni sawa na kuongeza zaidi ya nusu kilo ya kaboni dioksidi, na nusu ya faida imekwisha. Ikifika asilimia 4, petroli inakuwa nafuu kwa hali ya hewa kuliko gesi. Kwa kipimo cha miaka 20, kiasi cha asilimia 1 kinatosha karibu kuifuta faida yote. Na hapo hakijahesabiwa kinachovuja kwenye mabomba na vituo vya kujazia.

Ni wazi, basi, kwamba sega la gari la gesi limebebeshwa mzigo ambao sega la gari la petroli halikuujua.

Injini za aina mbili

Uhai wa sega hutegemea kwanza jinsi injini inavyopumua. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, injini nyingi za mabasi ya gesi zilitengenezwa ziungue kwa hewa nyingi kupita mahitaji. Njia hiyo ilipunguza matumizi ya gesi na kuzuia joto kali ndani ya silinda, hivyo oksidi za nitrojeni zilikuwa chache. Lakini moshi wake ulikuwa wa baridi kiasi, hasa basi linapotambaa kwenye msongamano, na ulijaa oksijeni. Hayo ndiyo mazingira magumu kuliko yote kwa sega linalotakiwa kuichoma methani.

Aina ya pili huchanganya hewa na gesi kwa uwiano kamili, bila oksijeni ya ziada. Moshi wake ni wa moto zaidi, na sega la kazi tatu lililozoeleka kwenye magari ya petroli linaweza kutumika. Kampuni ya Cummins Westport ilipoingiza sokoni injini ya ISL G mwaka 2007 kwa ajili ya mabasi na malori ya Amerika Kaskazini, iliachana na hewa ya ziada na kufuata uwiano kamili, huku sehemu ya moshi ikipozwa na kurudishwa ndani ya silinda. Toleo lililofuata lilipata kibali nchini Marekani mwaka 2015 kwa kiwango cha oksidi za nitrojeni kilichokuwa chini kwa asilimia 90 kuliko kiwango cha kisheria cha wakati huo. Kwa mabasi ya mijini, mabishano ya aina ipi ni bora yalikwisha hapo kwa vitendo.

Ushindi huo una gharama yake. Sega la uwiano kamili hufanya kazi vizuri ndani ya dirisha jembamba sana la mchanganyiko wa hewa na gesi, na kwa methani dirisha hilo ni jembamba zaidi kuliko la petroli. Hewa ikizidi kidogo, oksidi za nitrojeni hupita. Gesi ikizidi kidogo, kaboni monoksidi hupanda, na sega huanza hata kutengeneza amonia, ndiyo sababu sheria za Ulaya zimeweka kikomo cha amonia kwa injini kubwa. Anayeshikilia dirisha hilo ni kihisio cha oksijeni kilichofungwa kwenye ekzosi pamoja na kompyuta ya injini. Kihisio kikichoka, sega zima hulaumiwa kwa kosa ambalo si lake.

Maadui wanne

Adui wa kwanza ni joto. Chembe za paladiamu hufanya kazi kwa sababu ni ndogo na zimetawanyika. Zikikaa kwenye joto la nyuzi 800, 900 au 1,000 kwa muda mrefu, huanza kutambaa na kuungana, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Uzito wa madini unabaki ule ule, lakini eneo linalogusana na moshi hupungua. Aidha, tabaka la oksidi ya alumini hupoteza vinyweleo vyake na kuzifukia baadhi ya chembe humo ndani. Uharibifu huu haurudi nyuma.

Joto la kawaida la injini iliyotunzwa haliui sega kwa haraka. Kinachoua kwa haraka ni kukosa cheche. Methani inahitaji volteji kubwa zaidi kwenye plagi kuliko petroli, na kwa hiyo plagi, waya na koili zilizochoka, ambazo kwenye petroli zingeendelea kuvumiliwa, kwenye gesi hushindwa. Silinda isipowasha, gesi na hewa yake yote huingia kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya sega. Joto hupanda ghafla, na likikaribia nyuzi 1,400 kauri yenyewe huyeyuka. Fundi anayefungua sega na kukuta donge lililoziba njia ameona matokeo ya plagi ambazo hazikubadilishwa kwa wakati. Bei ya plagi nne na bei ya sega jipya hazikaribiani hata kidogo.

Adui wa pili ni salfa, na huyu ndiye anayewasumbua zaidi watafiti. Paladiamu ndiyo kichocheo bora cha kuchoma methani panapokuwa na oksijeni nyingi, lakini ndiyo pia inayodhurika kwa salfa kwa urahisi wa ajabu. Kiasi cha sehemu moja tu ya oksidi ya salfa katika sehemu milioni za moshi kinatosha, baada ya saa kadhaa, kuipunguzia sehemu kubwa ya uwezo wake. Salfa hujishika kwenye oksidi ya paladiamu na kutengeneza salfeti, na pale methani ilipopaswa kutua hapana tena nafasi.

Swali linalofuata ni salfa hiyo inatoka wapi, ikiwa gesi asilia inasifiwa kuwa haina salfa. Inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni harufu. Methani haina harufu, na kwa usalama wa watumiaji nchi nyingi huitia viambato vyenye harufu kali ili uvujaji ugunduliwe na pua. Viambato vya kawaida vya aina hiyo vina salfa. Kiwango cha Ulaya cha gesi ya magari, kilichotolewa mwaka 2017, kinaruhusu hadi miligramu 30 za salfa kwa kila mita ya ujazo, kiasi ambacho watengenezaji wa magari wamekiona kuwa kikubwa mno; wao walitaka 10. Kitu kile kile kinachomlinda mpishi na dereva ndicho kinacholidhuru sega, na hakuna anayeweza kushauri harufu iondolewe.

Sehemu ya pili ni oili ya injini, ambayo nayo ina salfa ndani ya viambato vyake, na kiasi kidogo cha oili huungua katika kila injini.

Habari njema ni kwamba sumu ya salfa inaweza kwa kiasi fulani kuondolewa. Sega likipashwa joto la nyuzi 600 na zaidi, na moshi ukikosa oksijeni kwa muda, salfeti huvunjika na paladiamu huamka. Injini za uwiano kamili hupata hali hiyo katika safari ya kawaida, kwa sababu kompyuta hupeleka mchanganyiko huku na huku kila sekunde. Zile za hewa nyingi haziipati, na hapo ndipo masega yake yalipochoka mapema. Kuchanganya platinamu na paladiamu kumesaidia pia kuongeza ustahimilivu, ingawa kwa bei kubwa zaidi.

Adui wa tatu hushangaza: maji. Kila molekuli ya methani inayoungua huzaa molekuli mbili za maji, na kwa sababu hiyo karibu asilimia 19 ya moshi wa injini ya gesi yenye uwiano kamili ni mvuke, wakati wa petroli ni kiasi cha asilimia 13. Mvuke hushindana na methani kugombea nafasi juu ya paladiamu, hupandisha joto linalohitajika ili kazi ianze, na katika joto kali huharakisha kuungana kwa chembe. Ndiyo maana maabara zinazozeesha masega kwa makusudi, ili kujua yatakuwaje baada ya miaka, huyachoma ndani ya tanuri lenye mvuke na si hewa kavu. Kipimo kilichofanywa kwa hewa kavu kingempa mtengenezaji matumaini ya uongo.

Adui wa nne ni majivu ya oili. Ili kulinda vyuma visilane, oili hutiwa viambato vyenye zinki, fosforasi na kalsiamu. Vikiungua huacha majivu, na majivu hayo hutua sehemu ya mbele ya sega, pale moshi unapoingilia. Fosforasi hujifunga na tabaka la kichocheo na kuliziba kama rangi juu ya ukuta. Tofauti na salfa, haiondoki kwa joto.

Watengenezaji wa injini za gesi, kwa sababu hiyo, hutaka oili maalumu yenye majivu kidogo. Haiwezekani kuyaondoa yote, kwa kuwa vali za injini ya gesi, ambazo hazipati ulainishaji wa mafuta ya maji, hunufaika na majivu kiasi. Lipo na kosa la macho. Oili ya injini ya gesi haibadiliki kuwa nyeusi upesi, kwa sababu gesi haitoi masizi mengi, na dereva akivuta kijiti cha kupimia huiona bado ya dhahabu. Huahirisha kuibadilisha. Lakini oili hiyo inaweza kuwa imekwisha nguvu tayari kwa joto na oksidi za nitrojeni, na injini inayolika ndani huanza kula oili, na oili inayoliwa huishia kwenye sega.

Sheria inadai kilomita ngapi

Katika nchi zenye sheria kali, uhai wa sega ni sharti la kisheria kabla ya kuwa ahadi ya muuzaji. Viwango vya Euro VI kwa magari makubwa, vilivyoanza kutumika kwa aina mpya za injini mwaka 2013, humtaka mtengenezaji athibitishe kwamba basi la mjini litabaki ndani ya kiwango kwa kilomita 300,000 au miaka 6, na lori la zaidi ya tani 16 kwa kilomita 700,000 au miaka 7. Viwango hivyo vina pia kikomo cha methani peke yake kwa injini za gesi, cha gramu 0.5 kwa kila kilowati-saa, chini ya nusu ya kile kilichotangulia. Kwa magari madogo kipimo cha Ulaya kimekuwa kilomita 160,000, na kanuni za Euro 7 zilizopitishwa mwaka 2024 zimekisogeza hadi 200,000.

Tarakimu hizo zikisomwa kwa macho ya Dar es Salaam zina sura nyingine. Gari la abiria linalotembea kilomita 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, humaliza kilomita 60,000 kila mwaka. Uhai wote wa sega la gari dogo, uliokadiriwa kwa familia ya Ulaya kuwa miaka kumi au zaidi, unakwisha katika muda wa miaka mitatu hivi. Basi la mjini lenye mwendo huo litafika kikomo chake katika mwaka wa tano. Tena ni kilomita za foleni, za kusimama na kuondoka, ambazo huliacha sega likipoa na kupashwa upya mara nyingi kwa siku.

Delhi ilikumbana na mambo haya kwa ukubwa kuliko mji wowote. Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India iliamuru Julai 28, 1998 kwamba mabasi yote ya jiji hilo yahamie kwenye gesi ifikapo Machi 31, 2001. Baada ya mvutano mrefu na faini, mabasi ya dizeli ya jiji yaliondolewa kufikia mwishoni mwa mwaka 2002. Kilichodaiwa wakati huo kilikuwa kuondoa masizi na vumbi jeusi la dizeli, na kwa hilo gesi ilikuwa dawa hata sega likiwa dhaifu. Methani haikuwa sehemu ya ugomvi. Miji inayoingia kwenye gesi leo haina nafasi ya kuchagua swali moja na kuliacha jingine.

Magari yaliyogeuzwa

Sehemu kubwa ya magari ya gesi ya Dar es Salaam hayakuzaliwa hivyo. Ni magari ya petroli, mengi yakiwa yametumika Japani kabla ya kuvuka bahari, ambayo hufungwa mtungi na mfumo wa gesi katika karakana, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ikiwa miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo. Gari la namna hiyo huingia kwenye gesi likiwa na sega lililokwisha kutembea makumi ya maelfu ya kilomita, na lililopangwa kwa ajili ya mabaki ya petroli. Sega lililoundwa kwa gesi huwa na paladiamu nyingi zaidi, kwa sababu ya ugumu wa methani uliokwisha kuelezwa. Sega la petroli halina akiba hiyo.

Pamoja na hayo, mageuzi mazuri na mabaya hayalingani. Mfumo wa kisasa hupuliza gesi katika kila silinda kwa zamu yake, ukiongozwa na kihisio kile kile cha oksijeni kilichokuja na gari, na ukipangwa vizuri mchanganyiko hubaki ndani ya dirisha. Mfumo wa zamani, wenye kichanganyio kilichofungwa kwenye njia ya hewa na skrubu ya kurekebishia kwa mkono, hauwezi kufuata mabadiliko ya mwendo kwa kasi inayotakiwa. Leo umepangwa sawa, mwezi ujao kichujio cha hewa kimeziba na uwiano umekwisha kuhama. Tofauti ya bei kati ya mifumo hiyo miwili huonekana siku ya kufunga. Tofauti ya sega huonekana mwaka mmoja baadaye.

Malori yanayochoma dizeli na gesi kwa pamoja ni habari nyingine, na si nzuri. Injini ya dizeli huvuta hewa nyingi kila wakati. Gesi iliyochanganywa na hewa hiyo haiungui yote, hasa lori likiwa na mzigo mwepesi, na moshi wake mara nyingi haufiki joto ambalo paladiamu inalihitaji. Katika mageuzi hayo ya karakana sega lenye uwezo wa kuizuia methani ni nadra kupatikana, hata kwa mwenye fedha.

Halafu kuna soko. Paladiamu, ambayo hutoka zaidi Urusi na Afrika Kusini, ilipanda mwezi Machi 2022 hadi zaidi ya dola 3,000 kwa wakia moja, kabla ya kuporomoka katika miaka iliyofuata. Bei ya namna hiyo hulifanya sega lililo chini ya gari kuwa mali inayotafutwa. Katika miji mingi duniani hukatwa usiku na wezi. Mahali pengine mwenye gari hushauriwa aliuze mwenyewe na kufunga bomba tupu, kwa maelezo kwamba gari "litapumua vizuri zaidi". Sega lililoziba kweli huinyima injini pumzi, na kuliondoa kutaleta nafuu. Lakini sega zima halipunguzi nguvu kwa kiasi ambacho dereva wa mjini angekihisi. Badala yake ya bei rahisi, yanayouzwa yakiwa mapya, hupunguziwa yale madini yanayofanya kazi, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti, kwa kuwa kauri ni ile ile na ganda ni lile lile.

Madereva wenye uzoefu hutambua sega lililoziba kwa gari kukosa nguvu kwenye mwendo wa kasi, au kwa sauti ya vipande vinavyogongana ndani ya ganda baada ya kauri kupasuka. Taa ya injini kwenye dashibodi, pale ambapo haijafunikwa kwa gundi nyeusi, nayo huwaka. Sega lililochakaa bila kuziba, lile lililopoteza paladiamu yake kwa joto au salfa, halina dalili hizo. Katika gari la petroli lingeacha harufu ya mafuta mabichi. Katika gari la gesi, ile chembe ya harufu iliyotiwa kiwandani huungua kwa urahisi ndani ya silinda, na methani inayobaki hutoka bila kunukia na bila rangi.

Hata mashine nyingi za kupimia moshi zinazotumika katika vituo vya ukaguzi wa magari duniani hazisaidii sana hapa. Zimewekewa vipimo vya mabaki ya petroli, na mwanga zinaoutumia huisoma methani pungufu kuliko ilivyo. Gari la gesi lenye sega lililokufa linaweza kusimama mbele ya mashine hiyo na kupewa cheti.